Msomaji wa Barua

Tahiru aliisoma barua kimya, mara mbili, huku mama yake akisubiri na unga mikononi.

"Soma kwa sauti basi," Hajara alisema. "Mimi iko nangoja."

"Kidogo tu, Mama."

Hajara hakujua kusoma, wala hakuwahi kuona hasara yake. Tangu siku za ukimbizi kule Yei, Sudani, Tahiru akiwa na miaka kumi, ndiye aliyewasomea majirani barua zao: za waume waliopotelea Zaire baada ya vita, za vijana waliofungwa, za misiba. Habari iwe chungu namna gani, hakupunguza neno. Waliporudi kwao Koboko, Uganda, watu waliendelea kumletea barua, na walimwamini kuliko redio. Kisha akaenda Makerere, mama akisuka vifuniko vya ukili hadi vidole vikapinda. Alirudi na shahada ya uongozi na jina jipya mtaani: Afisa. Afisa asiye na ofisi, mwaka wa pili sasa, na ukili wenyewe Hajara alikuwa hauwezi tena vizuri.

Ndipo shirika moja la wakimbizi lilipotangaza kazi Arua. Lilitaka mtu wa kukaa na Wasudani waliokuwa wakimiminika mpakani, awasikilize na kuwapatanisha. Hajara alishikilia kumsindikiza mwanawe. Alibeba shati jeupe ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi la njiani lisiliguse, na mandazi ya kumtia nguvu. Tahiru alivaa shati nyuma ya duka, kisha akamwomba mama akae mbali na lango. Tuseme ukweli, alimwonea haya.

Ndani, mkuu wa usaili, mwanamke aitwaye Paska, alimwuliza swali moja tu la maana.

"Watu wamekasirika hapo nje. Wewe unaanzia wapi?"

Tahiru alianzia kwenye maana ya mgogoro. Kisha akaingia kwenye sababu zake tatu, kama alivyofundishwa, macho yakiwa darini. Alipofika ya pili, kelele zikazuka nje kweli: wanawake wawili wa Sudani, Poni na Rosa Kiden, walikuwa wakivutana blanketi moja. Tahiru akapandisha sauti. Baada ya muda kelele zikaisha. Paska alikuwa amesimama dirishani akitazama nje, na hakurudi kitini hadi sababu ya tatu ilipokwisha. Tahiru alidhani anatafakari.

Alipotoka, alimkuta mama yake ameketi chini langoni, katikati ya wale wawili, mtoto wa Poni mapajani mwake. Mandazi yote yalikuwa yameliwa.

"Poni nasema mtoto yake iko na baridi," Hajara alimweleza. "Kiden nasema yake ilikufa na baridi. Sasa nani mbaya hapa? Mimi pia nalilia blanketi kama hii, kule Yei."

Kiden ndiye aliyelichukua blanketi na kumfunika mtoto wa mwenzake.

"Mama, twende," Tahiru alisema, akitazama kama kuna anayewaona.

Paska aliwawahi kabla hawajaondoka. Alimwuliza Hajara jina lake, lugha anazozijua, na nyumba yake iko wapi, akaandika yote kwenye daftari.

"Wakiuliza habari za kwenu, ujue umepita," Tahiru alimwambia mama yake walipopanda lori. Hajara aliimba hadi Koboko.

Na asubuhi hii dereva wa shirika alikuwa amekuja na bahasha, akakataa kumkabidhi mtu yeyote isipokuwa Hajara. Hajara hakushangaa. Nani asiyemjua mama wa Afisa?

"Tahiru. Wao nasema nini?"

"Wanasikitika, Mama. Kazi wamempa mtu mwingine."

Hajara alikaa polepole kwenye kigoda. Aliumia, na hakujaribu kuficha.

"Mutu gani huyo?"

Tahiru aligeukia jiko.

"Iko na digrii kama wewe?"

"Hapana."

"Basi wao iko wajinga!" Alifuta unga kwenye gauni, akamshika mwanawe kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani. "Achana na wao. Mimi narudi kusuka. Vidole itazoea tu."

Alitoka kwenda kuazima ukili kwa jirani.

Tahiru aliishika barua kwa ncha ya juu, akaishusha kwenye jiko la makaa. Moto ulianzia chini: ukala sahihi ya Paska, ukala siku ya kuanza kazi, ukala mstari uliosema kusoma si lazima, karani atakuandikia, ukapanda hadi karibu na vidole vyake, kwenye "Mpendwa Bi Hajara".