Viganja vya Hariri

Tangu funguo zipigwe marufuku, milango humtambua mtu kwa ngozi ya kiganja. Zawena hujitengenezea losheni jikoni, na safari hii alimimina asidi amino za hariri, zile za kulainisha ngozi, bila kupima. Wiki nzima akajipaka na kumpaka bintiye Raiya, mikono na nywele.

Jioni moja aliporudi kutoka kazini, mlango ulimwambia, "Karibu, Raiya."

Akacheka, akaingia. Lakini vitunguu viliungua huku akivitazama viganja vyake, vimelainika kama vya mtoto.

Raiya akafika kutoka madrasa, akabandika mkono.

"Raiya yumo ndani," mlango ukamjibu.

"Mama, nifungulie."

Zawena akabandika kiganja chake mlangoni kwa ndani, akakibandika tena.

"Raiya," mlango ukasema kwa upole, "watoto hawafungui mlango mama akiwa hayupo."