Chapa ya Tobiko

Eunike aliiandika ile T mara kumi na nne kwenye gazeti la zamani kabla hajaigusa kadi. Mkia wake ulipaswa kupinda juu kama pembe ya fahali mchokozi, kwa kuwa ndivyo kaka yake Tobiko alivyoiandika tangu darasa la tatu. Pembeni alikuwa amefungua barua pekee aliyowaletea kutoka kambi ya mafunzo, mwaka 1978, kabla hajapelekwa vitani Uganda.

Baba yao, mzee Sakaya, hakujua kusoma hata a. Lakini kwa jicho, usimchezee! Ng'ombe wake wote aliwatambua mmoja mmoja kwa chapa na mkato wa sikio, hata wakiwa ng'ambo ya bonde. Kadi ya kwanza aliyoiandika Eunike kwa jina la Tobiko, mzee aliilaza kando ya ile barua ya kambini, ambayo Eunike alikuja nayo, akazikagua mpaka jua likahama. Ndipo akasema, "Ni yake."

Vita vilikuwa vimekwisha, na waliorudi walirudi na nyimbo zao. Tobiko hakurudi, wala taarifa haikuja. Mzee akaacha kula. Alikaa mlangoni pa boma akitazama njia, mbavu zinahesabika. Na huko kwao Umaasaini aliyekufa jina lake halitajwi tena. Eunike, aliyekuwa amepata ualimu Karatu, hakuweza kuvumilia kuzika ndugu kwa kunyamaza na baba kwa njaa katika mwaka mmoja. Akanunua kadi. Siku kadi hiyo ya kwanza ilipofika, mzee alikunywa kibuyu kizima cha maziwa, akaomba na nyama.

Hii ya Krismasi ya 1983 ilikuwa ya tano. Sabuni Karatu hakuna, sukari ni kupanga foleni, lakini kadi zenye picha ya theluji zilijaa tele dukani kwa Josephati, maana kadi hailiwi. Eunike akachovya kalamu.

"Baba mpendwa," aliandika, "kila nikiona mzee anatembea na fimbo, moyo wangu hukimbilia kwako. Ulinifundisha kukaa na ndama mgonjwa mpaka asimame. Popote nilipo, najua ningekuwa mimi ndama huyo, usingeniacha. Usichoke kuningoja. Mwanao, Tobiko."

Alilia kweli, jamani. Uongo ulikuwa wa mkono tu. Mapenzi yalikuwa yake mwenyewe. Akampa dereva wa lori aende akaiposti Arusha.

Shule zilipofungwa, akapanda lori la mahindi kupitia Ngorongoro mpaka Endulen, akatembea hadi bomani. Aliinamisha kichwa kusalimu, baba akamgusa utosini. Hata hakumwacha apumzike.

"Imekuja! Nimeichukua mwenyewe dukani kwa Moloimet. Soma."

Eunike akasoma, akigeuza Kiswahili kuwa Kimaasai sentensi kwa sentensi. Kwenye ndama mgonjwa, mzee alifumba macho.

"Huyo ni mwanangu," akasema. "Rudia hapo kwenye ndama."

Akarudia mara tatu. Mzee akacheka, akajipigapiga goti, na Eunike akamshukuru Mungu kwa dhambi yake.

"Moloimet anadhani mimi mjinga kwa sababu sikwenda shule," mzee akaendelea, huku akifungua ugoro wake. "Ananisukumia barua za watu. 'Hii nayo yako, mzee, ina jina lako.' Jina! Jina hata mwizi analijua. Mimi natazama chapa."

"Barua gani, baba?"

"Si zile! Zilianza mwaka uleule wa kadi ya kwanza. Chapa imelala upande, mistari inayumba kama ya mlevi. Nikajua hawa ni matapeli wa mjini, au ni serikali inataka kutuhamisha tena. Moloimet alitaka kunisomea, nikamkatalia. Ukiingiza bomani ng'ombe mwenye chapa ya mwenzio, kesho unaitwa mwizi. Barua ni vilevile."

"Ukazipeleka wapi?"

"Nimewashia moto. Siku hizi haziji tena, wamechoka." Akacheka tena, akajivunia. "Mimi hanidanganyi mtu na macho haya. Imebaki moja tu, karatasi yake nzito, haipitishi unyevu."

Akamwaga ugoro kiganjani, akamrushia binti yake ile karatasi iliyoufunga. Eunike akaikunjua juu ya paja. Ilikuwa kahawia kwa tumbaku, na herufi zake zilikuwa kubwa, zimepinda, za mtu anayejifunza kuandika. Chini kabisa palikuwa na T. Mkia wake ulijaribu kupanda juu, ukashindwa, ukaanguka.

"Haya, mwalimu," mzee akasema, akivuta ugoro kwa raha. "Tusomee tucheke. Wanasemaje hao wezi?"

"*Agosti 1981. Baba, hii ni ya saba. Nisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulibaki vitani. Miguu nayo bado haina nguvu, na hapa hospitalini hawaniachii mpaka ndugu aje kunichukua. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini kama zizi halimtaki tena, mniambie tu. Nitangoja mpaka mwezi wa kumi, baada ya hapo sitawasumbua. Eunike akusomee polepole.*"