Simu Mkononi

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Tunu kazini tangu amalize chuo kikuu. Nyuma ya kaunta ya duka la dawa, alirudia kuisoma karatasi ya daktari. Dozi ilikuwa kubwa mno kwa mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake.

"Dada, si umesoma wewe?" mtu alifoka kwenye foleni.

Tunu alimpigia daktari simu, akamsomea karatasi. "Samahani, daktari. Naomba unihakikishie dozi hii."

Daktari akasema taratibu, "Nusu yake, mwanangu. Nimekosea. Asante sana kwa kuniuliza."

Mama alipokea chupa. "Asante, dada, ingawa umetuweka muda mrefu."

Mlangoni mtoto aliamka, akapiga miayo, akaangalia nyuma kwenye kaunta. Tunu alikuwa bado ameikumbatia simu.