Hodi ya Nne

Paliondokea Kasuku, bingwa wa kuyakejeli mapenzi. Hakukosa harusi, na kila harusi alisema, "Hodi ya nne hupigwa na mlevi au mpenzi. Afadhali mlevi, kesho pombe itamtoka!" Ndege wakacheka hoi.

Siku moja akaenda kwa kina Ninga, binti njiwa. Akapiga hodi tatu, kimya. Adabu ilimtaka arudi, moyo ukakataa. Akapiga ya nne.

"Nani huyo?" Mama Ninga akauliza kutoka ndani. "Mlevi au mpenzi?"

Majirani walikuwa wakichungulia.

"Mlevi, mama," Kasuku akajibu.

Ninga, aliyekwishashika komeo amfungulie, akalirudisha taratibu. Kasuku akaona haya mpaka mkia ukamwiva mwekundu, na hadi leo haujapoa.