Mjukuu wa Bibi Nguchiro

Hapo kale wanyama wazee walihamia kwenye kichuguu kimoja wapumzike, wakajiwekea kanuni: mwenye meno asikae humo, ili vijana wasiwasumbue. Kila mgeni alifungua kinywa mbele ya Mzee Ngiri, mkaguzi asiyejua kucheka.

Siku moja Bibi Nguchiro, mmoja wao, aliingia amemkumbatia mjukuu aliyezaliwa juzi.

Nungu akang'aka, "Bibi wewe! Tumekimbia vilio vya watoto, nawe unatuletea!"

"Mama yake amenyakuliwa na mwewe, mwenzangu. Hana mwingine."

"Pole sana. Lakini kanuni tuliiweka sote. Mtoto atoke."

"Basi natoka naye," alisema Bibi Nguchiro, ingawa alijua miguu yake isingemfikisha hata mtoni.

Kabla hajaufikia mlango, Mzee Ngiri akamzuia. "Hapa hafukuzwi mtu kabla sijamkagua. Mlete."

Bibi alimsogeza mtoto. Mtoto akapiga mwayo. Mzee Ngiri akainama, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, asiache pembe.

"Ufizi mtupu," akatangaza. "Kwa kanuni yetu, huyu ametuzidi sote. Mimi mwenyewe nina gego nimelificha huku nyuma."

Wazee wakaangua kicheko. Nungu peke yake hakucheka. "Na meno yakiota, je?"

"Mkaguzi ni mimi," alijibu Mzee Ngiri, akijisogeza ili bibi na mjukuu wapate pa kulala, "na macho yangu yanazidi kuharibika kila mwezi."