Mvua ya Aunque

Neno lililomwangusha Riziki kwenye mtihani wa kwanza lilikuwa moja tu: aunque. Viunganishi vingine vya Kihispania alikwisha kuvimeza vyote. Hili lilimpiga chenga, maana kitenzi kinacholifuata mara hubadilika umbo, mara hakibadiliki, na yeye hakujua ni lini.

Leo alikuwa anakwenda kuurudia mtihani, na hakungekuwa na mara ya tatu. Alisimama mlangoni kwao akilinong'ona neno hilo, kitambulisho kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wingu jeusi lilikuwa limeyainamia mapaa.

"Mwanangu," mama yake alisema huku akimtupia khanga begani, "utakwenda hata kama itanyesha?"

"Nitakwenda, mama. Hata kama..."

Akasita. Hata kama: mvua ambayo bado haijaja. Aunque llueva.

Tone la kwanza likagonga bati, kisha mengine yakamwagika kama mchele. Mama akamshika mkono.

"Haya, ndiyo hiyo imeshuka. Unatoka kweli, ingawa inanyesha hivi?"

Riziki akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko. Hata kama, ingawa. Mama yake hakuwahi kuyachanganya maneno hayo katika maisha yake yote. Wahispania wameyatia kapu moja, wakakiachia kitenzi kazi ya kuyatenganisha: llueva kwa mvua ambayo haijaja, llueve kwa hii inayonyesha.

"Aunque llueve, mama!"

"Ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo kusema naenda."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia barabarani, ambako maji yalikuwa yameshaanza kukimbia.