Kumbukumbu Aliyoitoa Mama

Siku hizi anayesomea uzamili wa uongozi wa shule haandiki tafakuri. Anakikabidhi chuo kumbukumbu yake moja, inafutwa kichwani mwake, na hairudishwi. Mama alitoa ya kifo cha mdogo wangu Zawena, maana machungu ndiyo yenye maksi. Alipofaulu tukamtania, "Shikamoo, Mheshimiwa Mwalimu Mkuu!"

Leo mchana alipakua wali, akatutazama, akaguna.

"Zawena yuko wapi? Mwiteni, chakula kinapoa."

Baba akainamia sahani yake. Mimi, bingwa wa mizaha nyumba nzima, nikawa nachezea wali kwa kijiko.

"We Shomari, umekuwa bubu leo?" Mama akacheka. "Kamwite mwenzio!"

Nikatoka uani, nikaliita jina la Zawena kwa sauti kubwa, Mama asikie.